Wasifu au Kalibu?

Miongoni mwa istilahi za mitandao ya kompyuta ambazo wafasiri wetu wamezizoea, imo moja tunayoona haina budi kuangaliwa upya. Nayo ni wasifu, inapotumiwa kutaja maagizo yaliyoandikwa mara moja katika kipanga njia ili yatumike kwa wateja wengi.

Yafaa kwanza tuieleze kazi yenyewe. Tuchukulie kwamba ofisi ya kata ya Ruaruke, wilayani Kibiti, imeunganishwa na intaneti. Ofisi hiyo ni mteja mmoja kati ya maelfu, na mafundi wa mtoa huduma hawawezi kukaa wakiandika kiolesura cha kila mteja kwa mkono. Badala yake huandika mfano mmoja wenye nafasi zilizoachwa wazi: hapa nambari ya kiolesura, pale anwani ya mteja. Katika programu ya Junos ya kampuni ya Juniper ya Marekani, nafasi hizo hupewa majina yanayotanguliwa na alama ya dola. Kifaa cha ofisi kinapoingia mtandaoni na kutambuliwa, kipanga njia hujaza nafasi hizo na kuunda kiolesura papo hapo. Ofisi ikijitoa, kiolesura hufutwa. Mfano hubaki ukimngoja mwingine.

Je, huo ni wasifu? Kila mtumishi wa serikali aliyepata kuomba kazi anajua kwamba wasifu hueleza sifa za mtu ambaye amekwisha kuwapo. Mfano wetu haumwelezi mtu yeyote. Uliandikwa kabla mteja hajafika. Wala hatari yake si ya nadharia tu. Fundi mwanafunzi akisoma katika mwongozo wake “badilisha wasifu”, atadhani anasahihisha habari za mteja mmoja, kumbe anabadili kiolesura cha kila atakayeingia baada ya hapo.

Mtu aweza kupendekeza kiolezo. Ni neno zuri, lakini limeketi karibu mno na kiolesura, na msomaji wa “kiolezo cha kiolesura” atajikwaa kila mstari. (Na hicho kiolesura chenyewe, chenye sura ndani yake, chafaa zaidi kioo cha kompyuta kuliko mahali pa kupitishia data, mkazi wa delta ya Rufiji angeweza kukiita diko, maana ndipo shehena inapoingilia na kutokea. Lakini neno limekwisha kuota mizizi, tuliache.)

Sisi twapendelea kalibu. Mfyatua matofali hutumia kalibu moja kwa matofali mengi, na akiipanua, matofali yajayo nayo hupanuka. Itasemwa kwamba tofali hudumu, ilhali kiolesura hutoweka. Ni kweli; lakini upungufu huo unahusu kile kitokacho katika kalibu, si kalibu yenyewe, nao waweza kuzibwa kwa kusema kiolesura cha muda.

Tena wasifu lina kazi yake humu humu. Habari za kila mteja, kama vile jina lake na kasi aliyoilipia, huhifadhiwa katika seva, nazo ni wasifu kwa maana kamili. Hivyo mwongozo waweza kusema: “Kipanga njia hujaza kalibu kwa habari zitokazo katika wasifu wa mteja.” Kwa istilahi ya sasa, mfasiri hulazimika kuandika kwamba wasifu hujazwa kutoka katika wasifu.