Sarufi ya Jaa

Jina la Rwimbogo, huko Rusizi nchini Rwanda, limembeba imbogo, yaani nyati, na Mswahili hahitaji mkalimani hapo: mbogo ni mbogo. Neno linalonishughulisha vilimani kule ni jingine: ingarani. Ni shimo la taka za nyumbani. Maganda ya ndizi, majivu, majani yaliyofagiliwa uani, vyote humo. Vikishaoza hufukuliwa vikapelekwa migombani. Kinyarwanda kina pia ikimoteri, jaa la mji. Ingarani ina mwenyewe. Ikimoteri ni ya wote, na cha wote tunajua kinavyotunzwa.

Kiswahili kimejaliwa jaa, jalala na dampo. Mimi nalipenda jaa, kwa sababu linaandikwa sawasawa na mzizi wa kujaa. "Jaa limejaa": mtu anaweza kucheka, mpaka afike Kiteezi. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, jaa hilo la Kampala liliporomokea nyumba za watu na kuua zaidi ya thelathini. Kitenzi chenyewe ndicho cha kutazamwa. Kuporomoka hakudai mtendaji. Mvua imenyesha, kilima kimeshuka, basi. Lakini ondoa k, weka shw: "liliporomoshwa". Sentensi imegeuka hati ya mashtaka, kwa kuwa sasa msikilizaji ana haki ya kuuliza, na nani? Nani aliruhusu taka ya leo ipandishwe juu ya ya jana mpaka mteremko ukakaribia kusimama wima? Nani alipaswa kumwaga udongo kila jioni na kuyachimbia mifereji yale maji meusi yanayochuruzika?

Kibali nacho kisomwe hivyo hivyo. Kibali na kukubali ni ndugu. Nchini Rwanda mradi wa jaa hutakiwa kupita kwanza kwenye tathmini ya athari kwa mazingira, na nadhani hapo ndipo undugu huo unapopimwa: kama jirani atakayenusa hakukubali, karatasi hiyo ina muhuri tu.

Kitenzi dhaifu kuliko vyote ni kufunga. Tunafunga duka, tunafunga safari, hata ndoa tunaifunga asubuhi ikaisha kabla ya pilau. Ni tendo la mara moja. Jaa halifungiki hivyo. Lori la mwisho likishaondoka, gesi ya methani huendelea kupanda na maji machafu huendelea kushuka. Ndiyo maana kanuni za Marekani humdai mwenye jaa aliangalie miaka 30 baada ya kulifunika. Kigali iliacha kutupa taka Nyanza, Kicukiro, mwaka 2012, ikahamia Nduba. "Lilifungwa," tunasema, na ile -li- inatuaga kana kwamba mambo yamekwisha. Jaa la namna hiyo lilistahili hu-: hufungwa, leo na kesho na mwakani, na mtu anayelipwa kuja kupima maji ya kisima.

Jaa la Dandora limekwama kwenye -ta-. Mwaka 2021 mahakama ya mazingira jijini Nairobi iliamuru lifungwe ndani ya miezi sita. Miezi sita ikapita, malori yakaendelea kupanda, na watu wakaendelea kuchambua chupa na vyuma chini ya ndege aina ya korongo. Litafungwa.

Turudi kwenye ingarani. Mama mmoja na jembe: kachagua mahali mbali na kisima, kajaza, kafukia, kasubiri, kafukua. Siku moja mtoto alitumbukiza humo betri ya redio. Mama alishuka, akaiokota kwa ncha ya fimbo, akaiweka juu ya jiwe mlangoni, kwa kuwa migomba ni yake na shimo ni lake, na betri ile hakujua aipeleke wapi.