Hannah Adams: Mwanahistoria Aliyejidunisha

Wahakiki wa tawasifu hupenda kuanza kwa kuuliza kama mwandishi amesema kweli. Kwa Hannah Adams (1755–1831), mzaliwa wa Medfield katika jimbo la Massachusetts, swali hilo halitufikishi mbali. Lenye manufaa zaidi ni hili: kwa nini mwanamke aliyeandika historia ya New England, tangu walowezi wa kwanza wa Plymouth hadi kukubaliwa kwa Katiba ya Marekani, anajieleza katika tawasifu yake, iliyotolewa mwaka 1832 baada ya kifo chake, kama mtu dhaifu, mwenye haya na asiye na uwezo?

Jibu la kwanza lipo katika maisha yenyewe. Baba yake alipenda vitabu kuliko biashara, na biashara ikafilisika. Binti hakupelekwa shule ya maana. Kilatini na Kigiriki alijifunza kwa vijana wanafunzi waliopanga nyumbani kwao. Wakati wa vita vya uhuru alifuma lesi ili apate riziki. Kitabu chake cha kwanza, kamusi ya madhehebu ya dini, kilitoka mwaka 1784. Malipo yake yalikuwa nakala 50 tu, ambazo ilimbidi azitafutie wanunuzi mwenyewe; faida ilibaki kwa mchapishaji. Kwa toleo la pili, la mwaka 1791, hakurudia kosa la kukubali masharti ya namna hiyo. Mwenye haya huyu, basi, alijua hesabu.

Historia yake ya New England ilitoka mwaka 1799. Kuitayarisha kulimgharimu macho: alipekua kumbukumbu za zamani kwa muda mrefu hata uwezo wake wa kuona ukawa hatarini. Tusiipambe kazi hiyo kupita kiasi. Ni kazi ya mkusanyaji, yenye kufupisha na kupanga maandishi ya waliotangulia, na mtindo wake ni mkavu. Thamani yake ni mpangilio na unyofu. Tabia hiyo hiyo ndiyo iliyoijenga kamusi yake ya dini, ambamo kila dhehebu liliachwa lijieleze, bila mwandishi kulihukumu.

Lakini ukusanyaji una tatizo lake: ni nani mwenye mali? Adams alikusudia kutoa muhtasari wa historia hiyo kwa ajili ya shule, jambo ambalo lingempatia kipato cha kudumu. Mwaka 1804, kabla hajautoa, wachungaji wawili, Jedidiah Morse na Elijah Parish, wakatoa kitabu chao juu ya somo lile lile na kwa wasomaji wale wale. (Morse huyu ndiye baba wa Samuel Morse wa telegrafu.) Muhtasari wa Adams ulifuata mwaka 1805. Ugomvi ukaendelea kwa miaka. Mwaka 1809 wasuluhishi walisema kwamba Morse hakuvunja sheria, ila hali ya mwanamke huyo ilimtaka amtendee kwa hisani. Mwaka 1814 Morse alichapisha utetezi wake kwa umma, naye Adams akachapisha maelezo yake.

Kwa maoni yetu, Morse alikuwa na hoja ya kweli: matukio ya zamani hayana mwenyewe. Hata hivyo hoja hiyo humfaa zaidi mwenye parokia, mshahara na jina. Aliyetumia macho yake kama mtaji hupoteza kwayo kila kitu. Isitoshe, marafiki wa Adams mjini Boston walikuwa wafuasi wa mrengo huria wa kanisa, mahasimu wa Morse, nao walimtetea pia kwa sababu zao wenyewe. Marafiki hao walimchangia posho ya kila mwaka, na maktaba ya Athenaeum ikamfungulia milango iliyokuwa ya wanaume.

Turudi sasa kwenye kule kujidunisha. Mwanamke aliyegombana hadharani na mchungaji alihitaji kuonekana mnyonge ili asikilizwe. Wasuluhishi wenyewe walimhurumia kabla ya kumpa haki. Kila sentensi ya tawasifu inayolalamikia udhaifu wake imekaa jirani na nyingine inayotaja mkataba, toleo au bei. Wasomaji wa karne ya 19 walizisoma zile za kwanza wakamwita mpole. Sisi tunashauri zisomwe zile za pili.