“Sipangwingwi”: Neno la Wimbo, Neno la Jukwaa na Upokezi wa Rapu Shirikishi nchini Kenya

Mwezi Aprili 2022, miezi minne kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa (NCIC) ilitangaza orodha ya maneno na mafumbo iliyoyahesabu kuwa ya chuki. Pamoja na madoadoa, kwekwe na mende, orodha hiyo ilikuwa na neno sipangwingwi na umbo lake la wingi, hatupangwingwi. Maneno matatu ya kwanza hulenga kundi la watu. La nne lilikuwa jina la wimbo wa densi uliotoka mwaka uliotangulia. Uhakiki huu unachunguza upokezi wa wimbo huo na kudai kwamba wanasiasa walioukumbatia na tume iliyolikataza neno lake walitenda jambo lilelile: walilichomoa neno katika wimbo na kulifanya kana kwamba halikuwahi kuwa na msemaji.

“Sipangwingwi” ni wimbo wa Exray Taniua akiwashirikisha Trio Mio na Ssaru. Exray alikwisha kujulikana kupitia kundi la Boondocks Gang, miongoni mwa makundi yaliyoipa gengetone umaarufu kuanzia mwaka 2019. Trio Mio alikuwa bado mwanafunzi wa sekondari, na Ssaru ni mwanamke katika uwanja ambao sauti za kiume ndizo nyingi. Wimbo wenyewe ni wa starehe na majigambo. Hautaji chama, kabila wala mgombea.

Umbo la neno hilo linastahili kuangaliwa kwa makini. Mzizi ni -pang-, wenye kauli ya kutendwa na ukanushi wa nafsi ya kwanza umoja: sipangwi. Kisha silabi ya mwisho inarudiwa kwa mchezo wa sauti, nayo -ngwi hiyo ya ziada haina kazi ya kisarufi. Kazi yake ni mdundo. Katika Kiswahili sanifu, mtu anayekataa kuamuliwa mambo yake angesema sipangiwi. Katika Sheng, hata hivyo, kumpanga mtu ni kumlaghai au kumzungusha kwa maneno matamu. Neno moja, basi, linabeba makataa mawili: sidanganywi, na siamuliwi. Kijana wa Nairobi huyasikia yote mawili kwa pamoja bila kuhitaji maelezo.

Majigambo ya aina hii si mageni katika fasihi ya eneo hili. Katika vivugo, mtambaji hujisifu kwa nafsi ya kwanza, na hadhira hujua kwamba anayesifiwa ni yeye tu. “Sipangwingwi” inafuata mkondo huo, lakini ushirikiano wa wasanii unaongeza jambo. Nafsi ya kwanza inapokezwa kutoka kinywa hadi kinywa: mwanamuziki mzoefu, mvulana wa shule, mwanamke kijana. Kila mmoja anakataa kwa niaba yake mwenyewe, na “mimi” hizo tatu hazigeuki kuwa “sisi”. Hapo ndipo penye nguvu ya wimbo, na hapo hapo ndipo penye udhaifu wake. Mpangaji hatajwi. Kiti cha anayekataliwa kimeachwa wazi, na yeyote mwenye kipaza sauti kikubwa zaidi anaweza kumkalisha hapo amtakaye.

Ndivyo ilivyokuwa. William Ruto, wakati huo Naibu Rais, na wafuasi wake walilichukua neno hilo kuwa kaulimbiu. Aliyekuwa akistaafu, Rais Uhuru Kenyatta, alikuwa akimuunga mkono Raila Odinga. Mpangaji akapata sura. Mabadiliko ya si- kuwa hatu- yanaonekana madogo, lakini yalihamisha kauli kutoka kwa mtu hadi kwa umati. Kenya ilikwisha kuona hali kama hiyo mwaka 2002, pale “Unbwogable” ya Gidi Gidi Maji Maji, yenye mzizi wa Kijaluo uliovishwa viambishi vya Kiingereza, ilipogeuka wimbo wa ushindi wa NARC. Joyce Nyairo na James Ogude wameonyesha jinsi neno hilo lilivyopanuka kutoka majigambo ya wasanii hadi lugha ya ukombozi. Tofauti ni kwamba mwaka 2002 tume ya NCIC ilikuwa bado haijazaliwa.

Haitakuwa haki kuibeza hofu ya NCIC. Tume hiyo ilizaliwa na sheria ya mwaka 2008, baada ya ghasia zilizoua zaidi ya watu 1,100. Madoadoa lilitumika Bonde la Ufa kuwaita majirani uchafu wa kuondolewa. Mende linawakumbusha wasomaji wa eneo hili Rwanda ya 1994. Lakini maneno hayo humtaja mwingine na kumshusha utu. Sipangwingwi humtaja msemaji pekee na halimshushi yeyote. Kuyaweka katika kapu moja ni kupima joto la mkutano badala ya maana ya neno. Hatua hiyo ilipingwa mahakamani, na Mahakama Kuu ikasitisha katazo la maneno hayo mawili. Madhara mengine hayakuhitaji hukumu: orodha inapochanganya matusi na majigambo, mwananchi hupata sababu ya kuyadharau yote, hata yale yanayostahili kuogopwa.

Kwa washauri wa sera, mafunzo ni mawili. Kwanza, kipimo cha chuki kiwe usemi mzima: nani anasema, kwa nani, wapi, na tendo gani linahimizwa. Orodha ya maneno matupu haiwezi kufanya kazi hiyo. Pili, wataalamu wa Sheng na wa fasihi simulizi washirikishwe kabla ya orodha kutangazwa, si baada ya kesi. Kwa wahakiki, deni ni kubwa zaidi. Wimbo ulijadiliwa na wanasiasa, makamishna na mawakili, na katika mjadala huo wote wasanii watatu walioutunga hawakuwa na nafasi ya maana. Vijana waliosema hawapangwi walipangiwa maana ya neno lao wenyewe.