Bawa Linalojua Kuachia

Muulize mchezaji wa vishale bawa lililoshikizwa vizuri ni lipi, naye atakujibu bila kufikiri: lile lisilong'oka. Jibu hilo ni la kwenye mishale ya porini. Kwenye kishale cha kuchezea klabu, bawa lililonasa kana kwamba limeota pale ni hasara kwa mwenyewe, na ukitaka kujua kwa nini, sogea karibu na ubao watu wanapowinda tripo 20. Utepe ule una upana wa milimita 8 tu. Kishale cha kwanza kikishakaa humo, cha pili kinakuja kikiwa kimebakiwa na upenyo mdogo, na mara nyingi ncha yake inakutana na bawa la mwenzake kabla haijaifikia katani. Bawa likipisha, au likaruka kabisa, kishale kinapenya na kuchoma. Likigoma, kishale kinapinda njiani, kinapiga waya na kuanguka sakafuni. Kanuni haina huruma hapo: kilichoanguka hakina pointi. Hata kile kilichojichomeka kwenye mkia wa mwenzake, kikabaki kinaelea mbele ya pale pale kilipolengwa, hakihesabiwi, kwa kuwa ncha yake haijagusa ubao.

Kwa hiyo anayepima ufundi huu anapima mambo mawili yanayovutana. Bawa lishike wakati wa kurushwa, na liachie linapogongwa. Kila pete, uzi, springi na gundi nitakayoitaja hapa inahukumiwa kwa hayo mawili. Uzuri wa kutazama unakuja nyuma kabisa.

Anza na meno. Shafti, iwe ya nailoni au ya alumini, imepasuliwa msalaba upande wa nyuma ikabaki na meno manne, na bawa la plastiki lililokunjwa pande nne linaingizwa katikati yake. Shafti ikiwa mpya, meno yanabana yenyewe, wala hakuna haja ya kuongeza kitu. Ni baada ya kugongwa usiku baada ya usiku ndipo ya nailoni yanapanuka na ya alumini yanapinda. Mtu anayeficha meno yaliyopinda chini ya pete nzuri hajatengeneza kitu, kaahirisha tu. Ondoa pete, chomoa bawa, tazama kwa nyuma kwenye mwanga: mipasuo minne iwe na upana sawa. Ya alumini hunyooshwa kwa kupitisha wembe mkongwe taratibu kwenye mpasuo. Ya nailoni huchovywa kwenye maji ya moto, yakafungwa kwa uzi yakiwa yamebanwa, yakaachwa yapoe. Hurudi kiasi, si kama mwanzo. Jino lililokatika halina dawa.

Kagua na unene wa bawa. Yako ya maikroni 75, ya 100 na ya 150, na tofauti hiyo, inayoonekana ndogo ukiisoma, meno yanaihisi sana. Shafti iliyozoea bawa la 150 ikipewa la 75 italiachia hewani. Wengi hukimbilia kutafuta pete wakati tiba ilikuwa kubadilisha bawa.

Sasa tuje kwenye pete. Bora kuliko zote nilizowahi kuzishika hutoka kwa fundi baiskeli. Vali za baiskeli za zamani, zile za Phoenix na za jamaa zake, huvishwa kijipira chembamba kama mrija ambacho ndicho kinachozuia upepo usirudi. Kipande cha kijipira hicho, kikikatwa pete ya milimita mbili hivi, kinavishwa juu ya meno na kuyabana kwa nguvu ya kadiri. Hapa ndipo ufundi unapoonekana, kwa sababu kukata si kukata tu. Mkataji mzuri huuvisha mrija kwenye kijiti cha kiberiti au msumari, huweka wembe mpya juu yake, kisha huzungusha kijiti na si wembe. Pete inatoka na kingo mbili zilizonyooka. Mkataji wa haraka hutumia mkasi: mrija unabanwa bapa kwanza ndipo unakatwa, na pete inatoka upande mmoja nene, upande mwingine nyembamba. Iweke kwenye kucha ya kidole gumba uizungushe. Ukiona inapanda na kushuka, ikatae. Upande mwembamba ndio utakaokatika, na kabla haujakatika utakuwa umeyabana meno mawili zaidi ya mengine, bawa likae upogo.

Mpira wenyewe nao una umri. Uvute polepole karibu na jicho. Ukiona vijistari vyeupe vinafunguka, umekauka. Ukinata kwenye vidole, umeanza kuyeyuka kwa joto, na kwa Dar es Salaam au Mombasa hilo halichelewi. Mpira mzima unavutika, unarudi, na hauachi chochote mkononi. Pete za rangi angavu zinazokatwa kwenye puto ni za kuvutia macho. Puto ni jembamba mno, na lililokwisha kupulizwa mara moja limeshachoka.

Mahali pa kuiweka pete pana maana kuliko pete yenyewe. Ikiwa mwisho kabisa wa meno, inafunga mdomo na kulifanya bawa mfungwa, tena inasimama pale pale ncha ya kishale kijacho inapopita. Ikiteremshwa hadi chini ya mipasuo, ni pambo. Iweke karibu na katikati ya mpasuo, halafu sogeza unywele mmoja mbele au nyuma mpaka jaribio nitakalolieleza liridhike. Mchezaji anayejua pete zake husogeza hivyo usiku kucha bila hata kutazama, kama mpiga gitaa anavyogusa vigingi katikati ya wimbo.

Springi ya kalamu ya wino inafuata kwa ubora. Mizunguko miwili inatosha. Faida yake ni kwamba haiogopi joto na haizeeki. Kasoro yake iko kwenye ncha za waya zilipokatwa: kama hazikukunjwa ndani au kupigwa msasa, zitakwaruza kidole, zitachana bawa, na siku moja zitanasa ncha ya kishale kinachofuata. Pitisha kidole kuzunguka springi. Ukihisi kitu, hata kidogo, kazi haijaisha. Na springi yenye mizunguko minne au mitano ni ya mtu asiyejiamini.

Uzi wa kushonea unafaa kwa dharura. Uliofungwa vizuri una mizunguko iliyolala ubavu kwa ubavu bila kupandana, na mwisho wake umefichwa chini ya mizunguko yenyewe, hauna fundo linaloonekana. Shida yake ni kwamba uzi hauna mvuto wa kurudi: ama unabana ama haubani. Wapo waliojaribu nyuzi za katani kwa sababu ubao ni katani. Ni wazo lenye mantiki nusu. Ndani ya ubao, nyuzi za mkonge husimamishwa wima na kushindiliwa pamoja, ncha inapita kati yake bila kuzikata, ikichomolewa zinajifunga tena. Ndiyo maana ubao wa katani unadumu, na ndiyo maana mbao za Winmau zinazochezewa kwenye mashindano makubwa Uingereza hutengenezwa Kenya. Lakini uzi huo huo ukizungushwa kwenye shafti ni mgumu, una vinyweleo, na unateleza kwenye alumini. Uache ubaoni.

Ipo njia nyingine ambayo wapenzi wa kazi safi huipenda kupita kiasi: kutoboa bawa. Tundu dogo hutobolewa kwa sindano iliyopashwa moto, mahali ambapo mpasuo wa shafti utalizunguka, kisha kijipete cha waya kinapitishwa ndani ya tundu na kulala juu ya meno. Dukani kuna koleo maalumu la kutobolea. Kwa macho ni kazi nzuri sana, na bawa haliendi popote. Hiyo ndiyo dosari yake. Likigongwa kwa ubavu haliruki, linachanika kuanzia kwenye tundu, au linaivunja shafti ya nailoni na kuacha kipande cha skrubu ndani ya mwili wa kishale. Atakayekitoa kipande hicho kwa sindano ya moto chini ya taa ya baa, huku wenzake wanasubiri zamu, ataelewa nasema nini. Ninaikubali kwa mtu anayetawanya vishale vyake ubaoni, kimoja 20, kimoja 19, kimoja kwenye kitovu. Kwa anayevirundika pamoja, hapana.

Gundi nitaimaliza haraka. Ile ya matone inayokauka papo hapo huifanya plastiki ya bawa kuwa nyeupe na kukatika kama biskuti, na siku bawa limekwisha unatupa shafti pia. Nta ya mshumaa hushika ikiwa baridi na kulainika mfukoni. Rangi ya kucha ndiyo pekee yenye heshima katika kundi hili: tone moja kwenye mzizi wa bawa hushika kidogo, hupasuka likigongwa, na mabaki yake hubanduliwa kwa ukucha. Atakayeiona mezani na kucheka, acheke.

Nilisema jibu la “lisilong'oka” ni la mishale ya porini, na kweli huko ni sahihi. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi hufunga manyoya kwenye mshale kwa kano za mnyama zilizolowanishwa. Zikikauka zinajikaza zenyewe, na kazi hiyo haitakiwi kuachia kamwe. Mshale unapita kwenye vichaka, na hakuna mshale wa pili unaotarajiwa kufuata mkia wake. Kishale cha klabu kinasafiri mita 2.37 kutoka mstarini hadi ubaoni, kinakuta kitovu kikiwa kimo cha mita 1.73, na nyuma yake kuna wenzake wawili wanaokuja. Hata vishale vya zamani vya mti vilikuwa na manyoya ya bata mzinga yaliyogandishwa. Mabawa ya karatasi ya kukunja, ambayo ndiyo babu wa haya ya plastiki, yalipewa hataza Marekani mwaka 1898, na tangu hapo bawa limekuwa kitu cha kuvaliwa na kuvuliwa.

Sasa jaribio. Shika bawa kwa vidole viwili, kishale kining'inie ncha ikitazama chini, kisha kitikise kama unayekung'uta maji kwenye mkono. Kishale cha gramu 22 au 24 kisishuke hata kidogo. Halafu kichomeke ubaoni, chukua kingine, na sukuma bawa kwa ubavu kwa kutumia mwili wa hicho cha pili, polepole, kama vile kinajipenyeza. Bawa zuri linapinda kwanza, linasita, halafu linaruka. Kule kusita ndiko unakokulipia. Likiruka mara moja, sogeza pete nyuma ya mpasuo ikabane zaidi. Likipinda hadi shafti yenyewe inaanza kuinama, pete imebana mno.

Kisha tazama kishale kwa nyuma, jicho moja likiwa limefumbwa. Pande nne ziwe msalaba wa kweli. Pete inayolielemea bawa upande mmoja huonekana hapo kabla haijaonekana kwenye pointi. Kiviringishe mezani, mkia ukiwa nje ya ukingo wa meza, uone kama mkia unachora duara au unatulia. Uzito nao: pete ya mpira haihisiwi, springi ya kalamu ni vivyo hivyo, lakini waya wa shaba uliozungushwa mara sita huko nyuma unakishusha mkia, na kishale kinaingia ubaoni kikiwa kimeangalia dari.

Mwenye shafti za alumini zenye kichwa cha plastiki kinachozunguka aangalie jambo moja zaidi. Kichwa kile kimewekwa ili bawa ligeuke lenyewe linapoguswa. Pete ikiteleza hadi kwenye kiungo, kichwa kinaganda, na pesa iliyolipiwa mzunguko huo imepotea. Puliza bawa kwa mdomo. Lisipozunguka, pandisha pete.

Na usichanganye bawa linalotoka na shafti inayolegea. Mara nyingi anayelalamikia mabawa yake ana skrubu iliyoachia mwilini, kishale kikicheza kidogo kila kikiguswa. Mzunguko mmoja wa tepu nyeupe ya fundi bomba kwenye skrubu unatosha. Miwili inaifanya shafti ikae pembeni.

Mwisho kagua bawa lenyewe kwenye kingo za mkia. Likizeeka, tabaka zake mbili za plastiki zinaachana pale, na ncha ya kishale kinachofuata inaingia katikati na kunasa. Rangi ya kucha huweza kuzifunga kwa usiku mmoja au miwili. Zikiachana tena, tupa bawa, bakiza pete.