Kutu ya Pwani Haikupanda Nairobi

Pita kando ya Mto Nairobi mwezi wa Julai, kutoka Dandora kuteremka hadi Njiru, au chini ya nyaya za stima kule Kayole, na uchume jani moja la mahindi yaliyopandwa Aprili. Ukilipitishia kidole, kidole kitatoka na vumbi la rangi ya matofali. Ligeuze: chini nako kuna vipele vilevile. Hiyo ni Puccinia sorghi, kuvu inayoleta kutu ya kawaida ya mahindi. Nduguye wa pwani, Puccinia polysora, ana vipele vidogo vya rangi ya chungwa vilivyosongamana, na karibu vyote hukaa upande wa juu wa jani.

Kinachowatenga hasa ni joto. Kutu ya kawaida hustawi kati ya nyuzi 16 na 23 za Selsiasi, ilhali ya pwani hutaka 27 hivi. Eastlands iko karibu mita 1,600 juu ya bahari; Julai mawingu hufunga siku nzima, mchana hauvuki sana nyuzi 22, na usiku hushuka hadi 12 au chini yake. Manyunyu ya mwezi huo yanayotufanya tuvae makoti ndiyo yanayoiacha spora, chembe ya uzazi ya kuvu, kwenye jani lenye unyevu kwa saa kadhaa, muda wa kutosha kuota na kupenya. Baada ya wiki moja hivi kipele hupasuka na kurusha vumbi jipya. Wakati mwingine vipele hujipanga kama mkanda unaolikata jani. Ukiona hivyo, jua spora zilitua humo jani likiwa bado limejikunja katikati ya shina. Jani changa ndilo linaloambukizwa kwa urahisi.

Upande wa mbegu zenye kinga, somo zuri lilitoka kituo cha utafiti cha Muguga, karibu na Nairobi. Kutu ya pwani ilionekana Afrika mara ya kwanza mwaka 1949, Sierra Leone, na kufikia 1952 ilikuwa imetua Kenya. Mahindi yetu hayakuwahi kukutana nayo. Mtafiti H. H. Storey na wenzake wa Muguga waliagiza mbegu kutoka Amerika ya kitropiki, ambako mahindi na kuvu hiyo vimeishi pamoja tangu zamani, wakaambukiza miche na kuchagua iliyobaki safi. Mwaka 1957 wakatangaza jeni mbili za kinga, Rpp1 na Rpp2. Lakini kuvu haikungoja: tayari kulikuwa na aina ya pili, waliyoiita EA2, ambayo Rpp1 haikuizuia hata kidogo. Kwa maoni yangu, kazi kubwa zaidi ilifanywa na wakulima wa nyanda za chini bila maabara, kwa kupanda tena mbegu za mashina yaliyonusurika, msimu baada ya msimu, hadi mahindi yao yakawa yanaugua kidogo tu. Na kutu yenyewe haikupanda sana zaidi ya mita 1,200. Baridi ilitulinda sisi wa Nairobi kuliko jeni yoyote.

Ndiyo maana mbegu iliyochaguliwa kwa ajili ya Kilifi haina sababu ya kujua kujikinga Kayole. Kinga dhidi ya kutu moja si kinga dhidi ya nyingine. Mbegu ya H614 nayo, ya ukoo wa Kitale, imezoea baridi, ila huchukua miezi mingi shambani, na kwenye kipande cha akiba ya barabara unaweza kufukuzwa kabla hujavuna. Mahuluti ya maeneo ya kati, kama H513, yanaufaa zaidi mwinuko wetu.

Wengi hata hivyo hupanda punje walizobakisha kutoka mavuno ya mahuluti. Hizo hutawanya sifa za wazazi wake, kwa hiyo katika mstari mmoja utakuta shina limejaa kutu na jirani yake halina doa. Watu husema dawa imeruka shina. Haijaruka.

Kabla ya kwenda dukani kununua dawa ya kuvu, angalia majani yaliyo kwenye gunzi na juu yake, kwa sababu hayo ndiyo yanayojaza punje. Kama nywele za gunzi zimeshakauka na hapo juu kuna vipele vya kuhesabika, wacha pesa mfukoni. Majani ya chini yakichakaa, wapelekee mbuzi.