Hati, Mwandiko na Herufi za Kuchora

Rasimu moja ya istilahi za usanifu iliyofika mezani petu imelitwika neno "mwandiko" mizigo mitatu: jinsi mtu aandikavyo barua yake, sanaa ya kuandika herufi nzuri kwa kalamu, na kazi ya fundi wa rangi anayeandika matangazo. Hatukubaliani nayo, na hoja zetu tunazitoa Micheweni.

Huko kaskazini ya Pemba, mwalimu wa chuoni aandikaye vizuri husifiwa kuwa ana hati nzuri. Neno hili lenye asili ya Kiarabu limebeba kanuni. Kalamu ya mwanzi huchongwa ncha kwa mshazari, na nukta inayoachwa na ncha hiyo ndiyo kipimo: urefu wa alifu huhesabiwa kwa nukta. Kanuni hiyo huhusishwa na Ibn Muqla wa Baghdad, aliyefariki mwaka 940. Abadiliye kalamu hubadili kipimo chote. Barua ya nyumbani haina sharti hilo. (Kombe nalo huandikwa kwa zafarani juu ya sahani, kisha likakoshwa na kunywewa, hati yake huishi muda mfupi, lakini ni hati.)

Sasa tuteremke pwani ya Tumbe, yalipo majina ubavuni mwa vyombo. Fundi huchora kwanza ukingo wa herufi, kisha hujaza rangi, akikosea hurekebisha. Mwenye kalamu hana nafasi hiyo: pigo likipita limepita. Hizo ni kazi mbili, hata zikifanywa na mtu mmoja. Muhamadi Kijuma wa Lamu alinakili tendi kwa kalamu na pia alichonga mbao, wala hakuna aliyesema kwamba mbao aliziandika.

Waandishi wa rasimu, tunavyodhani, wameikimbia "hati" kwa kuwa ipo hati ya kiwanja na hati ya kusafiria. Hofu hiyo ina msingi: "hati ya Kilatini" inaweza kudhaniwa kuwa waraka. Lakini "hati ya Kufi", kama ile ya msikiti wa Kizimkazi ya mwaka 1107, haimpotezi mtu. Tunapendekeza "hati" kwa sanaa ya kalamu, "herufi za kuchora" kwa kazi ya fundi, na "mwandiko" ubaki kwa barua.

Tunaiomba kamati irejee ukurasa huo kabla rasimu haijapigwa chapa, kwani vitabu vya shule vitaifuata.