Maji Mbele, Mji Nyuma

Mandhari ya St Petersburg aliyoichonga Alexei Zubov kwenye mabamba ya shaba mwaka 1716 ina upana wa zaidi ya mita mbili, lakini majumba yake ni madogo mno. Yamebanwa kwenye ukanda mwembamba kati ya anga na mto Neva, na mtoni merikebu zimetanua kana kwamba picha ni yao. Jicho haliufikii mji bila kuvuka maji.

Mpangilio huo umetoka Uholanzi. Claes Jansz Visscher aliuchonga mji wa Amsterdam kwa namna hiyo mwaka 1611: milingoti mbele, mapaa na minara nyuma, na chini watu wakimletea bidhaa mwanamke anayeuwakilisha mji. Maghala yalikwishajaa, ndipo akaja mchongaji kuwasifu wenye mali. Zubov aliupata ufundi huo Moscow kwa Adriaan Schoonebeek, Mholanzi aliyeajiriwa na Tsar Peter baada ya Tsar mwenyewe kushika shoka kwenye karakana za meli za Zaandam na Amsterdam mwaka 1697. Tofauti ni kwamba St Petersburg ilikuwa na umri wa miaka 13 tu, na baadhi ya majengo aliyoyachonga yalikuwa bado kwenye makaratasi ya wasanifu.

Tazama anavyoyachonga hayo. Jengo lililosimama na jengo la kufikirika yamepewa mstari uleule, mkavu na wa hakika, madirisha yamepangwa sawasawa. Hakuna alama hata moja ya kuyatenganisha. Peter alikuwa na tabia hiyohiyo: nyumba yake ya kwanza mjini humo, ya mwaka 1703, ilikuwa ya magogo yaliyopakwa rangi yafanane na matofali.

Hata mashua zinadanganya kidogo. Amsterdam mashua ilikuwa riziki ya mwenyewe. Kwenye Neva, Peter hakutaka daraja. Mwaka 1718 aliwagawia wakazi mashua ili wajifunze kusafiri majini, wapende wasipende. Daraja la kwanza, la kuelea, liliwekwa mwaka 1727, naye amekwisha kufa. Kwa hiyo pilikapilika ya mtoni, ambayo kwa Visscher ni soko, kwa Zubov naiona kama gwaride.

Kuna kitu kimoja ambacho Schoonebeek hakumfundisha, nacho ndicho ninachokipenda zaidi. Baba yake Zubov, Fyodor, alikuwa mchoraji wa picha takatifu za kanisa, ambako picha haikamiliki bila jina la mtakatifu kuandikwa juu yake. Utepe wenye jina la mji unaopepea angani nausoma hivyo. Waholanzi nao waliandika majina ya miji yao, sikatai, ila huku jina linautangulia mji wenyewe.

Wakulima waliolazimishwa kuja kujenga, maelfu kwa maelfu, hawaonekani, wala mafundi waashi waliokosa kazi kwao baada ya amri ya mwaka 1714 kupiga marufuku ujenzi wa mawe kwingineko Urusi. Haionekani pia Nyen, mji wa Waswidi uliokuwa kwenye mto huohuo na ambao ngome yake Peter aliiteka mwaka 1703. Zubov alipokuwa akichonga, vita na Uswidi vilikuwa vinaendelea. Mkataba wa kuikabidhi Urusi ardhi hiyo ulitiwa saini Nystad mwaka 1721, miaka mitano baada ya picha kuchapwa.